Shahidi wa Upande Gani? Yusuf bin Hasan, Daudi wa Faza na Ukimya wa Fasihi ya Mombasa

Juu ya lango la Ngome ya Yesu mjini Mombasa pana maandishi ya Kireno yaliyochongwa mwaka 1635. Aliyeyaamuru ni Francisco de Seixas de Cabreira, ambaye alipewa ukapteni wa ngome hiyo akiwa na umri wa miaka 27, na hakuona haya kuutaja umri wake kwenye jiwe. Anajisifu kwamba aliijenga ngome upya, akawarudisha katika utiifu watu wa pwani walioasi, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akawatoza wafalme wadogo kodi, na huko Pemba akawaua wakuu wa kisiwa. Chanzo cha maasi yenyewe kinatajwa kwa maneno machache mno: watu hao waliasi chini ya mfalme wao dhalimu. Jina la mfalme huyo halimo katika maandishi hayo, ingawa yeye hasa ndiye sababu ya jiwe lenyewe kuchongwa.

Mfalme huyo alikuwa na majina mawili. Waislamu wa Mombasa walimjua kama Yusuf bin Hasan. Wareno walimbatiza Dom Jerónimo na kuliambatanisha jina hilo na la Chingulia. Kisa chake kimeandikwa na wanahistoria mara nyingi, tangu Justus Strandes alipochapisha kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1899, kupitia kwa C. R. Boxer na Carlos de Azevedo mnamo 1960, hadi G. S. P. Freeman-Grenville mwaka 1980. Wahakiki wa fasihi, kwa upande wao, hawajakishughulikia ipasavyo. Nia ya makala haya ni kukirejelea kisa hicho pamoja na kingine kilichotukia katika ngome iyo hiyo miaka sitini na tano baadaye, na kuuliza ni kwa nini misiba miwili mikubwa kiasi hicho haikuacha alama inayoonekana wazi katika ushairi wa pwani, ilhali ushairi huo haukuwa na uhaba wa watunzi wala wa maudhui ya vita.

Usuli wa mambo unaweza kuelezwa kwa ufupi. Mombasa ilichomwa moto na Wareno mwaka 1505, ikachomwa tena mwishoni mwa 1528 na mwanzoni mwa 1529, na kila mara mji ukasimama upya. Mwaka 1589 ulikumbwa na janga la namna nyingine. Mturuki Mir Ali Bey alikuwa amejenga boma kisiwani kwa idhini ya wenyeji. Merikebu za Wareno chini ya Tomé de Sousa Coutinho zikaja kumkabili kutoka baharini. Na ng'ambo ya kivuko, bara, walikuwa wamepiga kambi Wazimba waliotoka kusini. Mji ukawa kati ya adui wawili. Wazimba walipovuka, wakazi wengi walijitupa majini wakiona afadhali wachukuliwe na Wareno. Mtawa Mdominiko João dos Santos, aliyekichapisha kitabu chake mwaka 1609, anawasawiri Wazimba kama walaji watu, usawiri ambao msomaji wa leo ana haki ya kuutilia shaka, kwa kuwa ulaji watu ni kipambo cha kawaida katika maandishi ya enzi hizo kuhusu Waafrika wa bara. Lakini taswira yake ya umati unaokimbilia mikononi mwa maadui waliouchoma mji wao mara mbili ina uzito wake. Mir Ali Bey mwenyewe alitekwa, akapelekwa Goa na baadaye Ureno, na kwa mujibu wa dos Santos alikufa akiwa Mkristo. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba katika historia ya Mombasa dini na upande wa vita havikwendana daima.

Baada ya Wazimba kushindwa huko Malindi kwa msaada wa Wasegeju, Wasegeju hao waliitwaa Mombasa na kuikabidhi kwa mfalme wa Malindi, rafiki wa Wareno wa tangu siku za Vasco da Gama. Ukoo wa Malindi ukahamia Mombasa. Ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Hivyo basi mfalme na kapteni wakawa majirani, mmoja akitawala kwa hisani ya mwingine. Watu wawili wenye daraja zinazogongana, mji mmoja, forodha moja; ugomvi ulikuwa suala la muda tu.

Mfalme Hasan bin Ahmad aligombana na kapteni Manuel de Melo Pereira, na mwaka 1614 akakimbilia bara kwa watu ambao hati za Kireno zinawaita Wamusungulo, wakazi wa nyuma ya Mombasa wanaodhaniwa kuwa miongoni mwa mababu wa Wamijikenda. Kimila mgeni aliyeomba hifadhi hauawi. Hasan aliuawa, kwa kuwa waliomhifadhi walihongwa nguo na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, akiwa na umri upatao miaka saba, akasafirishwa Goa pia. Tofauti ni kwamba baba alifika huko kama nyara ya vita, mwana akafika kama mwanafunzi.

Goa alilelewa na watawa Waagustino. Akabatizwa, akafunzwa kusoma na kuandika Kireno, akatumikia katika merikebu za vita za Ureno, akaoa mke Mkristo, akapewa heshima ya kuwa mwanachama wa Utaratibu wa Kristo. Mnamo 1626 alitawazwa kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, kisha akamwandikia Papa barua ya utiifu. Kwa watawala wa Goa alikuwa ushahidi hai wa mafanikio ya kazi yao: mtoto wa mfalme aliyeuawa amegeuka kuwa mfalme Mkristo, mtiifu, na mwenye adabu za Kireno. Yamkini hakuna aliyejiuliza mtoto wa miaka saba anakumbuka nini.

Aliporudi Mombasa hakupokewa vizuri na upande wowote. Raia zake Waislamu walimwona mfalme anayekula nguruwe na kuvaa kama Mreno. Makapteni walimdharau kama mwenyeji aliyevishwa joho lisilomfaa. Hati zinaonyesha malalamiko yake kuhusu jinsi alivyotendewa, na si vigumu kuamini malalamiko hayo kwa mtu anayefahamu kilichompata babake katika ofisi ile ile.

Kilichofuata kimehifadhiwa katika maandishi kwa namna ambayo mwandishi wa tamthilia asingaliweza kuipanga vyema zaidi. Yusuf alionekana usiku akienda kwenye kaburi la babake na kuomba dua kwa desturi ya Kiislamu. Ni kaburi la mwili usio na kichwa. Aliyemwona alimpasha habari kapteni Pedro Leitão de Gamboa, naye akakusudia kumkamata na kumpeleka Goa akahukumiwe kwa kuritadi. Yusuf akapata habari kabla ya kukamatwa. Katikati ya Agosti 1631, wakati Wareno walipokuwa katika sikukuu ya Kupalizwa Bikira Mariamu, aliingia ngomeni pamoja na watu wake kana kwamba anakuja kumwamkia kapteni, akamchoma kisu. Walinzi waliuawa. Wareno waliokuwa wakiishi mjini, katika mtaa walioupa jina la Raposeira na ambao leo ni Ndia Kuu, walikimbilia nyumba ya watawa Waagustino. Huko walikaa siku kadhaa, kisha wakatolewa nje na kuuawa, wanaume, wanawake na watoto. Wareno waliokufa wanakadiriwa kuwa kiasi cha 150. Pamoja nao walikufa Waafrika waliobatizwa ambao walitakiwa kuiacha imani yao wakakataa.

Hapa ndipo mhakiki wa fasihi anapopaswa kusimama na kutazama jinsi kisa kinavyosimuliwa. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu mauaji hayo inatokana na ushahidi wa kiapo uliokusanywa Goa mwaka 1632, ambao Freeman-Grenville aliutafsiri na kuuchapisha. Ushahidi huo haukukusanywa na wanahistoria. Ulikusanywa na Kanisa kwa lengo la kuwathibitisha waliouawa kuwa mashahidi wa dini na hatimaye kutangazwa wenyeheri. Maswali yaliyoulizwa yalilenga shabaha hiyo: je, waliuawa kwa chuki ya imani? Je, walipewa nafasi ya kuikana? Je, walikataa kwa hiari? Majibu yakafuata mkondo wa maswali. Kila kifo kinapitia hatua zile zile, yaani wito wa kuritadi, kukataa, maneno ya mwisho, na upanga. Mtu mwenye uzoefu wa kusoma visa vya watakatifu anautambua muundo huo mara moja, na mwenye uzoefu wa kusoma tenzi za Kiswahili anautambua vilevile.

Lugha ya Kiswahili inalo neno moja kwa dhana mbili zinazohusika hapa. Shahidi ni yule anayesimama mbele ya kadhi au jopo na kueleza alichokiona. Shahidi ni yule anayekufa kwa ajili ya imani. Katika jalada la 1632 mashahidi wa aina ya kwanza wanasema ili wawafanye wengine kuwa mashahidi wa aina ya pili. Yasiyosaidia kazi hiyo yameachwa nje. Hakuna aliyeulizwa kuhusu Hasan. Hakuna aliyeulizwa kuhusu forodha, mapato ya mfalme, au matusi ya makapteni. Baba aliyekatwa kichwa anaonekana katika simulizi kama kaburi tu, mahali ambapo mwana alionekana akifanya kosa.

Ni kosa pia, hata hivyo, kukigeuza kisa hiki upande wa pili bila kufikiri. Katika miongo iliyofuata uhuru ilikuwa rahisi na yenye kuvutia kumsoma Yusuf kama shujaa wa mapema wa ukombozi, ndugu wa mashujaa waliokuja kuigizwa jukwaani Afrika Mashariki nzima. Usomaji huo una chembe ya ukweli, lakini unalazimika kufumba macho mbele ya mambo mawili. La kwanza ni wale Waafrika waliobatizwa na kufa pamoja na Wareno. Kama Yusuf ni shujaa wa wazalendo, hao ni nani? Wasaliti? Jalada la Goa linawaita mashahidi, historia ya kizalendo inawapita kimya, na bado walikuwa watu wa pwani kama yeye, na wengine hawakuwa na ngome ya kukimbilia wala merikebu ya kuondokea. La pili ni mwisho wa Yusuf mwenyewe.

Januari 1632 jeshi la Wareno likiongozwa na Francisco de Moura lilifika Mombasa kuirudisha ngome. Lilizingira kwa takriban miezi miwili, likashindwa, likaondoka Machi. Ulikuwa ushindi wa kweli, na mwandishi wa riwaya ya kishujaa angekomea hapo. Lakini mwezi Mei mwaka uo huo Yusuf aliubomoa mji alioutetea, akaiharibu ngome kadiri alivyoweza, akapanda chombo alichowateka Wareno, akaondoka. Agosti Wareno walirejea na kuikuta ngome tupu. Mfalme aligeuka haramia wa baharini. Alionekana Uarabuni, Madagaska na Komoro, na mwaka 1638 akauawa na maharamia wenzake katika Bahari ya Shamu. Waliobaki kuadhibiwa ni watu wa Pate, Siyu na Pemba, ambao Cabreira anajisifia jiweni. Mtawala aliwasha moto, kisha akawaachia raia majivu. Kwa nini aliondoka baada ya kushinda? Jibu moja ni la kijeshi, kwamba alijua Goa ingetuma jeshi kubwa zaidi. Jibu jingine linaafikiana zaidi na maisha yake yote: mtu aliyelelewa na pande mbili hakuwa na mji wa kubaki. Mombasa ya Waislamu haikuwahi kumwamini, na ile ya Wakristo alikuwa ameiua kwa mkono wake.

Kisa cha pili kinakwenda kinyume na hiki kwa kila hatua, na labda ndiyo maana hakijasimuliwa sana. Ili kukielewa ni lazima kurudi Faza, katika kisiwa cha Pate, mwaka 1587. Faza ilikuwa imemuunga mkono Mir Ali Bey katika safari yake ya kwanza. Martim Afonso de Melo alitumwa kutoa adhabu. Mji ukaangamizwa, wakazi wakauawa bila kubagua umri, mfalme akauawa na kichwa chake kikapelekwa Goa, minazi ikakatwa kwa maelfu. Ukatili wa kukata minazi unafahamika na mtu yeyote wa visiwani: mnazi uliokatwa leo hauwezi kuzaa tena kwa wajukuu ila upandwe mwingine na kungojewa miaka. Kama kuna mji wa Waswahili uliokuwa na sababu ya kutowasamehe Wareno, ni Faza.

Mnamo Machi 1696 merikebu za Oman, zilizotumwa na Imamu Saif bin Sultan, zilitia nanga Mombasa na kuizingira ngome. Wareno waliokuwa ndani walikuwa hamsini hivi tu. Waliobaki, watu wapatao elfu mbili na zaidi, walikuwa Waswahili wa pwani waliokuwa upande wao pamoja na wanawake, watoto na watumishi. Miongoni mwao alikuwa Daudi, mwana wa mfalme wa Faza, pamoja na jamaa yake. Sababu ya kuwa kwake humo si mapenzi kwa Ureno. Faza ilikuwa na uhasama wa kudumu na Pate, na Pate ilikuwa imeegemea Oman. Siasa ya kisiwa kimoja chenye miji mitatu ilimfikisha mwana wa Faza ndani ya ngome ya watu waliomkata kichwa mfalme wa mji wake miaka mia moja na tisa nyuma.

Mzingiro uliendelea kwa miezi thelathini na mitatu. Kapteni wa kwanza, João Rodrigues Leão, alikufa Oktoba 1696. Msaada ulifika kutoka Goa siku ya Krismasi, lakini mwanzoni mwa 1697 tauni iliingia ngomeni na kuua wengi kuliko mizinga. Mwezi kwa mwezi hesabu ilipungua. Mwishoni mwa Agosti kapteni António Mogo de Melo, naye akiwa anakufa, alimkabidhi Daudi amri ya ngome. Waliobaki hai pamoja na Daudi walikuwa jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane wa Kiafrika, na wanawake hamsini wa Kiafrika. Kwa majuma mawili na zaidi, hadi merikebu za msaada zilipoonekana katikati ya Septemba, Ngome ya Yesu ilikuwa chini ya Mwislamu wa Faza, na wengi wa waliokuwa kwenye kuta zake walikuwa wanawake.

Hesabu hiyo inastahili kutazamwa zaidi ya mara moja. Watu themanini hivi, ambao zaidi ya nusu yao ni wanawake, walishikilia ngome kubwa kuliko zote za pwani dhidi ya jeshi la Oman, na hawa wanawake hamsini hawana jina hata moja katika kumbukumbu. Daudi ana jina kwa sababu ni mwana wa mfalme. Makapteni wana majina na tarehe za vifo vyao. Wanawake ni tarakimu. Haijulikani walikuwa wa ukoo gani, kama walikuwa watumwa au waungwana, kama waliingia ngomeni kwa hiari au kwa kufuata mabwana zao. Mhakiki anayezoea kuulizia nafasi ya mwanamke katika fasihi ya Kiswahili, na kumtaja Mwana Kupona kila mara kama kwamba historia ya wanawake wa pwani ilianza na utendi wake katikati ya karne ya 19, ana hapa jambo la kumshughulisha.

Ngome haikuokoka. Merikebu ya Santo António de Taná, iliyokuja na msaada, ilizama Oktoba 1697 mbele ya ngome yenyewe, na mabaki yake yalichimbuliwa na wanaakiolojia wa chini ya bahari kati ya 1977 na 1980. Desemba 1698 Waomani walipanda kuta usiku. Walinzi waliokuwa na uwezo wa kupigana hawakuzidi wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mikono. Kapteni wa mwisho, Leonardo Barbosa Souto-Maior, aliuawa. Inasimuliwa kwamba mmoja wa mateka aliwaambia Waomani kuna dhahabu imefichwa, akawaongoza hadi ghala ya baruti, akaitia moto. Simulizi hiyo imeenea sana, nayo ina ladha ya hadithi iliyobuniwa ili kushindwa kusiwe kushindwa kutupu. Siku chache baadaye merikebu nyingine za msaada zilifika, zikaona bendera ya Oman, zikageuka.

Sasa swali la fasihi. Ukimya wa mashairi ya Kiswahili kuhusu matukio haya hauwezi kuelezwa kwa hoja ya kwamba sanaa ya kuandika ilikuwa haijakomaa. Utendi wa Tambuka, utungo wa Bwana Mwengo bin Athumani, una tarehe ya mwaka 1141 wa Hijra, sawa na 1728. Ulitungwa Pate, katika kasri ya Wanabahani. Maudhui yake ni vita kati ya Waislamu wa Madina na Wakristo wa Rumi chini ya Herekali. Wahakiki wengi huishia kwenye taarifa hiyo na kuendelea na masuala ya vina, mizani na vyanzo vya Kiarabu. Ni nadra kwao kutaja kwamba mwaka 1728 ndio mwaka ambao Wareno walirejea Mombasa na kuingia tena ngomeni, mwezi Machi, na kwamba walirejea kwa msaada wa Pate yenyewe, iliyokuwa imechoshwa na Waomani. Walifukuzwa kwa mara ya mwisho Novemba 1729. Kwa maneno mengine, mtunzi wa Pate alikuwa akiandika juu ya jihadi dhidi ya Wakristo katika mji ambao wakati huo huo ulikuwa na mkataba na Wakristo.

Je, Herekali wa utendi ni Mreno aliyefichwa? Wazo hilo, ambalo limetajwa na baadhi ya wataalamu kwa namna moja au nyingine, lina mvuto, lakini likichukuliwa sisisi linaurahisisha utungo. Kinachoweza kusemwa kwa uthabiti ni kwamba muundo wa utendi huo, wenye barua ya wito kwenda kwa mfalme wa makafiri, kukataliwa kwa wito, mapambano ya mtu na mtu, na kifo cha anayeng'ang'ania dini ya uongo, ndio muundo wa jalada la Goa la 1632 ukiwa umegeuzwa chini juu. Pande zote mbili za bahari zilikuwa na kaida moja ya kusimulia vita vya dini. Katika kaida hiyo kila mtu ana upande wake tangu beti za mwanzo. Yusuf bin Hasan hakutoshea humo, kwa sababu alikuwa Mkristo alipoua Wakristo na hakurudi katika Uislamu kama mtu aliyepokewa na waumini. Daudi wa Faza hakutoshea vilevile: Mwislamu aliyelinda ngome yenye jina la Yesu dhidi ya Imamu. Mtunzi aliyetaka kuwatungia wahusika hawa utenzi angelazimika kwanza kuivunja kaida ya utenzi.

Ndiyo maana, katika ushairi wa pwani, misiba ya kihistoria ya miji huelekea kugeuzwa kuwa misiba ya maadili. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni mfano ulio wazi: magofu ya Pate yanasemezwa kama onyo la dunia na hadaa zake, si kama matokeo ya mizinga, forodha na ugomvi wa koo. Njia hiyo imeipatia lugha utungo wake bora kabisa, na hakuna haja ya kuilalamikia. Lakini ina gharama. Ikiwa aliyeuangamiza mji ni dunia, basi hakuna haja ya kuuliza ni nani aliyefungua lango, nani alikuwa ndani, na nani alihesabiwa bila kutajwa.

Kumbukumbu nyingine zilibaki nje ya ushairi. Kwenye ukuta mmoja wa ngome askari wa Kireno walichora kwa makaa na udongo mwekundu merikebu, makanisa na watu, michoro ambayo ilipatikana chini ya lipu na sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho. Na lugha yenyewe ilihifadhi. Maneno meza, bendera, leso, mvinyo na kasha yanatajwa katika kila kitabu cha shule kama mikopo kutoka Kireno, aghalabu bila maelezo zaidi. Mojawapo ya mikopo hiyo linastahili kutengwa na mengine. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba neno gereza limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ndani ya Ngome ya Yesu palikuwa na kanisa, na watu wa Mombasa waliiita ngome nzima Gereza. Mwaka 1895 Waingereza walipoichukua waliifanya jela, na ikabaki jela hadi 1958, kabla ya James Kirkman kuanza kuichimba na kuigeuza makumbusho. Kwa zaidi ya miaka sitini, wafungwa walioletwa hapo kutoka sehemu zote za Kenya walifungwa Gerezani, katika neno lililokuwa na maana ya kanisa na katika jengo ambalo Yusuf bin Hasan aliingia usiku wa Agosti 1631 kumwamkia kapteni.